Viatu vya Mzee Katani

Hitma ya arobaini ya Shangazi Zena ilikwisha, wanaume wakala wakaenda zao, na sisi wanawake tukabaki uani na masufuria. Nilijichukulia sufuria kubwa la pilau nikakaa nalo karibu na bomba, nikalisugua hata lilipokuwa limeshatakata, maana mwenye kazi mkononi haulizwi hali. Nasema wazi kwamba nilikuwa sijalia. Siku ya mauti sikulia, siku ya mazishi sikulia, na matanga yote nilikuwa mtu wa kuuliza nani hajapata chai na majamvi yanatosha au hayatoshi. Nilimsikia mtu jikoni akisema, "Mwalimu Saumu kakauka, usomi huo." Nikajifanya sikusikia. Mbele yangu, kando ya mlango wa bafu, zilikuwapo ndara za marehemu, zile za bluu ambazo kamba moja ilikatika akaishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni, na tangu afariki wanawake waliokuwa wanaingia na kutoka na ndoo walikuwa wanazizunguka kana kwamba kuna mtu amesimama ndani yake. Hakuna aliyethubutu kuziondoa. Mimi pia nilikuwa nazizunguka.

Aliyeniokoa na sufuria lile ni mwanangu Hemedi. Ana miaka thelathini, ana kazi, ana mke, na bado anaangalia mieleka kwenye simu kama mtoto wa shule. Alikuwa amekaa kizingitini anawaonyesha wazee wawili mabingwa wake wa siku hizi. Mmoja alikuwa Mama Eliza, Msambaa na Mlutheri, jirani yetu wa miaka nenda rudi, ambaye sasa meno yamebaki ya kuhesabika lakini ulimi uko palepale. Wa pili alikuwa Mwanahawa, mimi namwita Dada Hawa, aliyekuja kutoka Pangani, upande wa Bweni, amevuka kwa kivuko alfajiri ili awahi hitma. Alikuwa anamenya ndizi taratibu na kutazama simu.

"Hao wenu wanaongea mno," Mama Eliza alikuwa anamwambia Hemedi. "Mtu anashika kipaza sauti, anatukana, anatukana, mpaka chai inapoa hajapigwa hata kofi moja. Enzi zetu mtu akipanda ulingoni amekuja kufanya kazi."

"Enzi zenu walikuwa wanasukumana tu, bibi. Wazee wenye vitambi."

"Kitambi cha Mzee Katani unakijua wewe? Kilikuwa ukuta!"

Nilicheka peke yangu, kwa sababu kitambi hicho Mama Eliza alikiona mara mbili tu maishani mwake, na sababu yake nitaieleza. Hemedi akataka kujua Mzee Katani ndiye nani. Wakamweleza: ndevu nyeupe mpaka kifuani, suruali nyeusi ya kubana, adui yake mwanamume wa majoho ya kung'aa anayewatupia watu maua. Hemedi akapekua simu, akauliza hiki na kile, na kabla chai haijamiminwa upya akawa amempata, na jina lake halisi, na kila pambano na tarehe yake. "Huyu hapa," akasema. "Na hili ndilo pambano lake la mwisho. Alivua viatu akaviacha katikati ya ulingo. Kwao mtu akivua viatu hivyo amestaafu. Hakupanda tena."

"Mwongo, wewe na simu yako!" Mama Eliza akasimama kabisa. "Alirudi! Tulimwona kwa macho yetu, kanawiri, ndevu nyeusi tii. Marehemu bibi yako mwenyewe alisema huyu kapaka piko."

"Bibi, hiyo ilikuwa ya nyuma. Mliangalia mwisho kwanza, mwanzo mkauangalia baadaye. Kanda zenu zilikuwa zimechanganyika."

Mama Eliza akanigeukia. "Mwalimu, sema wewe. Alirudi, hakurudi?"

Nilimtazama Dada Hawa, naye alikuwa anatabasamu na ndizi yake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nangoja matokeo, na nikaletwa Tanga kukaa na Shangazi Zena katika nyumba hii hii ya Ngamiani. Habari za kwetu Muheza naziacha, hazina lolote. Nyumba ilikuwa ya Bi Mashavu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya tatu. Shangazi alipanga chumba cha mbele kulia. Vyumba viwili vya kushoto vilikuwa vya mtoto wa pekee wa Bi Mashavu, Bakari, na mkewe Mwanahawa, na kimojawapo ndicho kilichokuwa sebule yao. Ndani yake kulikuwa na makochi ya mbao yenye mito ya kijani, kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa, na juu ya meza yake peke yake televisheni ya rangi na deki ya kuchezea kanda za video. Wakati ule bara hatukuwa na televisheni yetu. Watu wa Tanga wenye uwezo walisimamisha antena juu ya boriti ndefu wakaielekeza Mombasa, wakaangalia ya Kenya. Bakari alikuwa dereva wa lori na kichaa wa mieleka. Jumamosi rafiki zake walijaa sebuleni, na alichokiona alikirekodi, kanda baada ya kanda, akazipanga kwenye sanduku la chai bila kuandika hata herufi moja. Yeye alizijua kwa kuzitazama tu. Mwanahawa hakukaa na wale wanaume. Alikuwa uani anawakaangia bajia, na ukumbini zilikuwa zinasikika tu kelele za "Mpige! Mpige!"

Mimi nilimkuta Bakari kwa wiki chache tu. Nakumbuka kicheko chake na viatu vyake vya ngozi ya kahawia, ambavyo alivipiga rangi kila asubuhi akiwa amechuchumaa hapa hapa uani. Kisha akaugua, akapelekwa hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akarudishwa amefunikwa. Viatu vilirudi peke yake ndani ya mfuko wa nailoni, na muuguzi aliyeusindikiza mwili alimkabidhi Mwanahawa mkononi. Hapo ndipo jambo lilipoanza, maana Mwanahawa hakulia. Alipokea mfuko, akasema "ahsante," akaingia ndani. Jeneza lilipotoka, nyumba nzima ilikuwa kilio kitupu, Bi Mashavu ameanguka ukumbini, na mke wa marehemu amekaa kitandani macho makavu anatazama ukuta. Akaingia eda hivyo hivyo. Alivaa nguo zake nyeupe, hakutoka, hakujipamba, alifuata kila sharti. Lakini hakulia, hakusema, na chakula alikigusa kwa ncha za vidole akakirudisha.

Maneno hayakukawia. Ukuta kati ya chumba chetu na ukumbi ulikuwa haufiki darini, kwa hiyo hata usipotaka utasikia. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza, nikamsikia Bi Mashavu akimwambia shangazi, "Zena, mke gani huyo? Hata paka akifiwa hulia. Mwanangu kaenda na mimi ndiye ninayemlilia peke yangu." Shangazi akamwambia mauti kila mtu humpiga pake. Bi Mashavu akasema, "Eda ikiisha arudi kwao Pangani. Sitaki kumwona, na asinipe hata salamu." Shangazi alipoingia chumbani alikaa kitandani akavua miwani. Hofu yake ilikuwa nyingine. Alikuwa amemwogesha Mwanahawa siku ile, akaona mifupa ya mabega. "Eda itakwisha," akaniambia, "lakini naogopa huyu mtoto atakuwa amekwisha kabla yake." Neno lile liliniingia, nikawa kila nikisikia kimya cha chumba kile nashtuka.

Aliyewasha televisheni ni Mama Eliza, wala hakuwa na nia ya tiba. Alikuja alasiri kumkalia mfiwa, kama sote tulivyokuwa tunakuja, akaleta magimbi ya Lushoto kwenye ungo. Tukakaa sebuleni. Tumekaa, tumenyamaza, nzi wanazunguka. Mama Eliza alikuwa amezoea siku za uhai wa Bakari kusimama dirishani kwa nje akichungulia mieleka kati ya nondo, na uvumilivu wa kunyamaza Mungu hakumpa. Mara akasema, "Jamani, na hii televisheni nayo inakaa eda?" Shangazi akamkata jicho. Lakini Mwanahawa, ambaye tangu msiba hakuwa ameinuka mahali bila kuambiwa, akainuka. Antena ilikuwa imegeuzwa na upepo inatazama Pemba, na aliyekuwa anapanda kuirudisha hayupo tena. Kwa hiyo alikwenda kwenye sanduku la chai, akapitisha mkono juu ya kanda, akachagua moja, akaisukuma ndani ya deki. Akatokea mzungu mmoja mkubwa ana ndevu nyeupe zimemwagika kifuani. Mama Eliza akapiga ukelele, "Mzee gani huyu, jamani?" Mwanahawa akasema, kwa sauti iliyokuwa imekwaruza kwa kutotumika, "Mzee Katani." Tulicheka, kwa sababu kweli zilikuwa ndevu za katani, nyuzi nyeupe za mkonge zilizoanikwa, na kwa sababu alikuwa amesema.

Bi Mashavu akatukuta hivyo. Aliona wanaume wawili, mmoja na chupi tu, wanakumbatiana kwenye kioo, na mkamwana wake mwenye eda amekaa mbele yao, na sisi tunacheka. Sitayarudia aliyoyasema. Kesho yake maalim wa madrasa aliitwa, akakalishwa ukumbini, pazia likashushwa, naye Bi Mashavu akamweleza shauri lote huku sisi tumebana pumzi ndani. Maalim alisikiliza mpaka mwisho. "Mfiwa asijipambe na asitoke bila dharura," akasema. "Hao wapiganaji mimi sijaona kitabu kilichowataja. Anakula?" Shangazi akajibu kutoka ndani kwamba jana alikula gimbi zima. Maalim akakohoa. "Basi mwacheni. Lakini uchi ni uchi, Bi Mashavu. Toka kitovu kwenda chini musitazame." Akanywa kahawa yake, akaaga, akaenda zake.

Bi Mashavu alikuwa mtu wa kufuata neno kama lilivyosemwa. Alasiri ile ile alileta kitambaa cha kufuma akafunika nusu ya chini ya kioo. Mama Eliza akachungulia, akasema kina matundu. Bi Mashavu akakitoa, akaleta upande wa kanga, akaukunja mara mbili, akaufunga kwa uzi kuzunguka televisheni yote. Kanga yenyewe iliandikwa "Nyumba njema si mlango," na maandishi yakakaa sawasawa kwenye matumbo ya wapiganaji. "Fungua uingie ndani," Mama Eliza akajibu kwa sauti ndogo, na shangazi akalazimika kutoka nje acheke. Basi kuanzia siku ile tuliangalia mieleka kuanzia kifuani kwenda juu. Tatizo likajitokeza mara moja: mtu akipigwa mwereka anazama nyuma ya kanga, na huko ndiko shughuli yote iliko. Nani yuko juu, nani kabanwa, refa kahesabu ngapi, haijulikani. Bi Mashavu, ambaye alikuwa amekaa kulinda sheria tu, akaanza kukereka kuliko sote. "Sasa huyo yu wapi? Kafa?" Ndipo akatoa hukumu ambayo mpaka leo sijui aliitoa kitabu gani. "Saumu, wewe huna eda. Kaa pembeni utazame huko chini, utuambie."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mwaka ule. Nilikaa kwenye mkeka shavu limeegemea meza, nachungulia pembeni mwa kanga, nawaeleza wanawake wanne yale wasiyoyaona. Na kwa kuwa watangazaji walikuwa wanasema Kiingereza cha Kimarekani, hicho nacho nilikitafsiri, nikikijua au nisipokijua. Mwanzo nilisema kwa aibu, "Amemshika mguu." Bi Mashavu akasema, "Mguu upi? Mtoto wa kidato cha nne huyu!" Nikajifunza. Nikaanza kusema ameushika mguu wa kushoto kwenye goti anaupinda nje kama anafua suruali, na mzee anakung'uta turubai kwa kiganja, anaomba, hapana, haombi, anatafuta kamba. Kila mpiganaji akapata jina. Yule wa maua akawa Bwana Harusi. Jitu moja lisilogeuka, zito kama kichwa cha treni, likaitwa Grandi ya Reli. Shangazi aliwachukia wote waliokuwa wanapiga mtu kwa nyuma, akiwasomea dua mbaya. Tuliyaweka yale mapambano katika maisha: mihogo ya nazi ikawa ya siku ya Grandi, kachori za siku ya Bwana Harusi, na Mwanahawa, anayechagua kanda, akaanza kuuliza kuna nini cha kula. Nimefundisha darasani miaka mingi tangu hapo, na kila nilipoona watoto wamenitumbulia macho wakitaka kujua kinachofuata, nilikuwa najiona nimerudi kwenye mkeka ule. Nilijaliwa vyuo viwili baadaye. Hiki cha nyuma ya kanga ndicho kilichonifundisha kusema.

Siku moja mtu mmoja, shemeji wa nani sijui, alipita kutoa pole, akasimama mlangoni akatucheka. Akasema haya yote ni maigizo, yamepangwa tangu mwanzo, mshindi anajulikana. Nilimwona Mwanahawa akiinamisha kichwa, nikamchukia yule mtu kwa moyo wote. Shangazi ndiye aliyemjibu, wala hakuacha kuchambua mchele. "Harusi nayo haikupangwa?" akasema. "Bibi harusi hajui anakwenda kwa nani? Mbona analia?" Yule bwana akasema hiyo ni tofauti. "Eleza tofauti yake," shangazi akasema, na yule bwana akaaga.

Lakini kulia bado. Mwanahawa alikuwa anakula, anasema, mara nyingine anacheka, na kila alivyozidi kupata nafuu Bi Mashavu alizidi kukunja uso. Nilimwelewa, hata kwa ujana wangu. Aliiona nafuu ile kama ushahidi. Alikaa nasi kila alasiri, alishangilia, alimtukana Bwana Harusi matusi ya kale ambayo sikuyajua, na kanda ikiisha aliufunga mdomo akatoka bila kumtazama mkamwana wake. Eda ilikuwa inakaribia mwisho. Mfuko wa nguo za Mwanahawa za kurudi Pangani ulikuwa umeshatolewa juu ya kabati, na aliyeutoa ni Bi Mashavu. Mimi usiku nilisali nikaomba Mwanahawa alie, sala ya ajabu kumwombea mtu.

Alasiri yenyewe ilikuwa ya mvua, masika yamekaza, sauti ya mabati inashindana na deki. Mama Eliza alikuwa ameleta mahindi ya kuchoma, kajifunika kanga kichwani. Mwanahawa alikaa mbele ya sanduku la chai muda mrefu kuliko siku zote. Akatoa kanda ya chini kabisa, akaishika, akairudisha, akaitoa tena. Ilikuwa Mzee Katani na Bwana Harusi. Mzee alikuwa amezeeka kuliko tulivyomzoea, anapumua kwa mdomo, na Bwana Harusi hakumwonea haya. Nilieleza nilivyoweza. Nikasema kamwinua, kambwaga, kamlalia. Refa anapiga mkono chini. Moja, mbili. Nikasema, "Tatu," na nikasikia mahindi ya Mama Eliza yameacha kutafunwa. Bwana Harusi akatupa maua yake akaondoka. Mzee Katani akainuka, tukaiona sura yake juu ya kanga, anazungusha macho kwenye ule umati. Watangazaji walinyamaza, kwa hiyo sikuwa na la kutafsiri.

Hapo Mwanahawa akasimama. Akaenda mpaka kwenye televisheni, akashika pindo la kanga ya Bi Mashavu, akaipandisha yote juu. Kitambi cha mzee kikatokea, na suruali nyeusi, na Bi Mashavu akavuta pumzi kutaka kusema. Lakini yule mzee akakaa chini katikati ya ulingo. Akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Vidole vyake vilikuwa vinene na kamba ndefu, na hakuna aliyemharakisha. Akavua kimoja, akavua cha pili, akavipanga sambamba kama mtu aliyefika mlango wa msikiti. Akasimama peku. Akaondoka bila kugeuka, na kamera ikabaki na viatu.

"Viatu vyake," Mwanahawa akasema. "Sasa viatu vyake nani atavichukua?"

Akalia. Nimesikia vilio vingi maishani, na sijasikia kilio kama kile. Alilia amesimama, mkono bado umeshika kanga, analia kwa kinywa wazi kama mtoto, "Viatu vyake, jamani, viatu vyake." Bi Mashavu akainuka. Nilidhani anakwenda kushusha kanga yake. Akapita televisheni, akamshika Mwanahawa mabega, akamkalisha chini, akakaa naye pale pale sakafuni, yeye mwenye maumivu ya magoti. "Lia, mwanangu," akasema. "Lia. Nimechoka kulia peke yangu." Mvua ikawasaidia. Baadaye sana Bi Mashavu akauliza viko wapi. Mwanahawa akaenda chumbani akatoa uvunguni ule mfuko wa nailoni, ambao ulikuwa haujafunguliwa tangu hospitali. Bi Mashavu akavifuta viatu vya mwanawe kwa kanga aliyovaa, kimoja yeye, kimoja mkamwana, na mfuko wa Pangani ukarudi juu ya kabati. Mwanahawa aliishi na mama yule mpaka alipoolewa tena, na harusi yake Bi Mashavu ndiye aliyeisimamia, akipiga vigelegele kwa sauti ile ya barabara ya tatu.

Lakini alasiri ile haikuishia kwenye viatu. Mwanahawa aliponawa uso, alirudi kwenye sanduku akatia kanda nyingine. Na Mzee Katani akatokea tena! Mnene wa kifua, kiuno chembamba, anaruka kamba, ndevu nyeusi tii. Kanga ilikuwa bado juu na hakuna aliyekumbuka kuishusha. Shangazi akasema huyu kapaka piko. Mama Eliza, aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge, akasimama akapiga makofi. "Piko gani! Huyu bado mkonge, hajawa katani!" Tulicheka mpaka Bi Mashavu akashika mbavu, na Mwanahawa akala mahindi mawili, la kwake na la kwangu. Tangu siku hiyo kwetu ilikuwa habari ya kweli: Mzee Katani aliacha viatu, kisha akarudi.

"Dada Hawa," nikamwambia sasa, mikono yangu imejaa povu. Kitu kilikuwa kimenijia wakati Hemedi anazungumza, kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote hii. "Siku ile uliipandisha kanga kabla hajakaa chini. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba anakwenda kuvua viatu. Mimi mwenyewe niliyekuwa nachungulia sikujua."

Akamaliza kumenya ndizi yake. Akaikata, akampa Mama Eliza nusu laini.

"Bakari alikuwa ananisimulia," akasema. "Kila Jumamosi wenzake wakiondoka. Sisi tunakula, yeye anainuka anaonyesha, huyu kamshika hivi, yule kaanguka hivi. Mchuzi unapoa. Jina la Mzee Katani ni lake yeye, si langu. Na ile siku ya viatu alinisimulia akashindwa kumaliza, akasukuma sahani. Nilimcheka, Saumu. Mwanamume mzima." Akafuta vidole. "Nani alikuwa anazifuta vumbi zile kanda? Nilizijua zote. Ile nilikuwa nairuka. Kila siku naigusa, naiacha. Mpaka nikaona sasa naweza."

"Na ile ya pili?" Hemedi akauliza. Simu ilikuwa imezimika mkononi mwake.

"Hiyo ndiyo ya kwanza kabisa aliyorekodi. Niliijua ni ya zamani, mwanangu, sikuwa mjinga. Lakini ningewezaje kulala na ile ya viatu? Nilizipanga mimi."

Mama Eliza alikuwa ameacha kutafuna. "Kwa hiyo hakurudi," akasema polepole.

"Alirudi," Dada Hawa akasema. "Si ulimwona?"

Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kwa muda, akalitazama sufuria linalong'aa, akatazama mikono yangu. Yeye peke yake pale uani alikuwa anajua ninachokifanya. Akaulizia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia chumvi, "Saumu, zile ndara za Zena pale bafuni, nani atazichukua?"

Nilitaka kusema tutaona. Nilifungua mdomo niseme hivyo.

"Hemedi," Dada Hawa akasema, "weka ile ya viatu."

Mwanangu akawasha simu akainua mbele yangu, na humo ndani, bila kanga, mzee yule akakaa chini akaanza kufungua kamba. Sikumwona akimaliza. Nilikuwa natazama ndara za bluu, ile kamba iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyeona vizuri ambaye alikataa kununuliwa nyingine, na nikasikia sauti inatoka kifuani mwangu ambayo sikuijua ni yangu. Nikasema, "Ndara zake." Nikasema tena na tena. Sufuria likabiringika. Wanawake wakatoka jikoni. Mama Eliza alinishika kichwa akakibana tumboni kwake, mkono wake unanuka ndizi, na Dada Hawa hakunibembeleza wala hakunikataza. Alikwenda mlangoni mwa bafu, akaziokota ndara, akazileta akazipanga sambamba mbele yangu. Akaniacha nilie mpaka nikaishiwa.

Kisha akaichukua simu, akaifuta kioo kwa pindo la kanga yake, akamrudishia mwanangu.

"Haya, baba," akasema. "Sasa mrudishe akiwa mkonge."